Bastola iliyobaki garini kwenye uwanja wa posta: je, mdogo wangu alipe faini yaishe?

Mheshimiwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa na mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, na ndiye mkubwa katika watoto wa marehemu baba yetu. Ninakuandikia kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho, ambaye miaka kadhaa iliyopita alishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, akahamia jimbo la Colorado karibu na jiji la Denver, na mpaka sasa anaishi huko kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi huiita grini kadi. Kazi yake ni ya kuendesha teksi usiku. Baada ya mwenzake kuvamiwa na kuporwa, alinunua bastola kwa kufuata sheria zote za huko, akachukuliwa alama za vidole, akahudhuria mafunzo, na sherifu wa kaunti yake akampa kibali cha kuibeba ikiwa imefichwa.

Mwezi uliopita alikwenda posta kututumia sanduku la vitu vya harusi ya binti yangu pamoja na kipimo cha presha cha mama. Aliegesha gari katika uwanja wa posta yenyewe, na kwa kuwa alijua kuwa haifai kuingia na silaha ndani ya ofisi, aliivua bastola kiunoni akaiweka ndani ya ala yake katikati ya viti vya mbele. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akipita aliiona kupitia mlango ulioachwa wazi wakati ndugu yangu anahangaika na sanduku, akaita askari. Askari alikisoma kibali, akamrudishia, akamwambia kwa upole kwamba kibali ni halali lakini pale walipo hakimsaidii, kisha akamwandikia karatasi ya kosa. Karatasi hiyo inataja faini ambayo si kubwa, na inampa nafasi ya kulipa kwa posta au kwa mtandao bila kufika mahakamani.

Sasa ukoo umegawanyika. Baba yetu mdogo, ambaye ni mstaafu wa bandari, anasema mgeni hashindani na mwenye nyumba, alipe leo hii yaishe. Shemeji yangu anasema kulipa ni kukubali kosa wakati mtu ana kibali mkononi. Mdogo wangu mwenyewe anataka kulipa, kwa sababu ameshaomba uraia na anasubiri kuitwa kwenye usaili, na anaogopa kwenda huko akiwa na kesi. Mimi nashindwa kuelewa jambo lenyewe. Marehemu baba alikuwa na shotgun ya kulindia shamba la michungwa Muheza dhidi ya nguruwe na ngedere, na kitabu chake cha leseni tulikuwa tukikiona kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Leseni hiyo ilikuwa moja, ya Polisi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ya serikali hii na si ya serikali ile. Inakuwaje kibali cha serikali kikataliwe kwenye kiwanja cha serikali?

Ameniuliza pia kama anaweza kuja na bastola hiyo atakapokuja harusini, ili aiache kwa mjomba Muheza. Naomba unijibu kwa kirefu, kwa kuwa barua hii nitamsomea baba mdogo na wengine wote.

Dada Mkubwa, Chumbageni.

JIBU

Dada yangu, wa alaykum salaam.

Nianze na lile lenye haraka. Mwambie mdogo wako asilipe faini hiyo, na wala asiipuuze karatasi yenyewe, mpaka amwone wakili wa uhamiaji na kumwonyesha karatasi hiyo mbele na nyuma. Ninamheshimu baba mdogo, na ushauri wake ungekuwa wa busara kama kijana angekuwa raia wa Marekani aliyekosea kuegesha gari. Kwa mtu mwenye grini kadi, kulipa huko kunaweza kuwa jambo zito kuliko faini yenyewe mara nyingi.

Karatasi za aina hiyo, zinazoandikwa na askari wa serikali ya shirikisho, yaani ile ya Marekani nzima na si ya jimbo, kwa makosa madogo yanayotendwa kwenye mali ya shirikisho, hubeba onyo ambalo watu wengi hawalisomi: kwamba anayelipa huenda anakiri kosa la jinai, na kwamba hukumu ya kupatikana na hatia inaweza kuingia katika kumbukumbu za umma na kumletea madhara. Kwa hiyo kile ambacho ukoo unakiita kulipa yaishe, sheria inaweza kukisoma kama kukiri. Na sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu kinachosema kwamba mtu asiye raia, akiisha kuingizwa nchini na baadaye akatiwa hatiani chini ya sheria yoyote kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki, kuwa na au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Katika kifungu hicho hakuna kiwango cha chini cha adhabu. Hakikuuliza kama mtu alifungwa mwaka au alitozwa faini ya kununulia gunia la mchele, wala kama bastola ilitoka katika ala yake. Kama kosa hili la mdogo wako linaingia ndani ya maneno hayo au haliingii, hilo ndilo swali la kumpelekea wakili, na ni swali ambalo lazima lijibiwe kabla ya malipo, kwa sababu kufuta hatia iliyokwisha kuingia ni kazi ngumu na mara nyingi haifanikiwi.

Kuipuuza karatasi nako ni hatari. Tarehe iliyoandikwa ikipita bila malipo na bila kufika mahakamani, hakimu anaweza kutoa wito au hati ya kumkamata, na kijana anayeendesha gari usiku atakutana na askari mapema kuliko anavyodhani. Wakili anaweza kuomba tarehe isogezwe, anaweza kuzungumza na mwendesha mashtaka ili shitaka lifutwe au libadilishwe kuwa jingine lisilotaja silaha, na anaweza kukagua kama masharti ya posta yalikuwa yamebandikwa mahali panapoonekana, kwa kuwa kanuni zenyewe zinataka zibandikwe hivyo. Mdogo wako apige picha za lango la uwanja ule, ukuta na mlango wa posta sasa hivi, akiwa ameiacha bastola nyumbani, kabla mtu hajaongeza au kubandua kibao.

Sasa niende kwenye swali lako la kibali, ambalo ni la haki kabisa na ndilo linalowaponza wahamiaji wengi. Hapa kwetu umiliki wa silaha unasimamiwa na Polisi nchi nzima, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na ndiyo maana leseni ya marehemu baba yako ilikuwa moja. Marekani mtu anaishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Sherifu wa kaunti hutoa kibali kwa mamlaka ya sheria za jimbo la Colorado, na kibali hicho kinasema kwamba Colorado haitamshitaki kwa kubeba bastola iliyofichwa katika mahali ambapo Colorado yenyewe inaruhusu. Hakiwezi kusema lolote kwa niaba ya serikali ya shirikisho iliyoko Washington. Mtu anaweza kutembea barabarani akiwa halali, akavuka ukingo wa lami na kuingia katika uwanja wa posta, na kwa hatua ile moja akawa mkosaji, ingawa mavazi, bastola na kibali ni vilevile.

Sheria kuu ya jambo hili, iliyotungwa mwaka 1988, inakataza kuwa na silaha ya moto au silaha nyingine ya hatari ndani ya jengo la serikali ya shirikisho, na adhabu yake inafika kifungo cha mwaka 1. Kwa majengo ya mahakama za shirikisho inafika miaka 2, na kwa mtu aliyeingia na silaha akikusudia itumike katika uhalifu inafika miaka 5. Sheria hiyo inaeleza jengo la shirikisho kuwa ni jengo au sehemu ya jengo inayomilikiwa au kukodiwa na serikali hiyo, ambamo watumishi wake wanakuwepo kwa kawaida wakitekeleza kazi zao. Neno hilo la kukodiwa naomba umsomee mdogo wako mara mbili. Ofisi ya hifadhi ya jamii anakokwenda kubadilisha kadi inaweza kuwa chumba katikati ya safu ya maduka, ubavuni pana saluni na upande wa pili pana duka la viatu, bila ukuta wala mlingoti wa bendera, na bado ni jengo la shirikisho kuanzia kizingiti cha mlango wake. Sheria inataka tangazo libandikwe katika kila mlango wa umma, na mtu asiye na taarifa kwa njia yoyote hawezi kutiwa hatiani kwa makosa ya kawaida ya kifungu hicho. Lakini kinga hiyo haimsaidii aliyekuwa akijua, na mdogo wako kwa maneno yako mwenyewe alijua kuhusu ndani ya ofisi.

Kwa posta kuna kanuni nyingine iliyo pana zaidi, na nadhani ndiyo aliyoandikiwa, ingawa karatasi yenyewe ndiyo itakayosema. Kanuni hiyo haizungumzii jengo peke yake bali mali yote ya posta. Inakataza kubeba silaha waziwazi au kwa kificho, na inakataza pia kuihifadhi humo, isipokuwa kwa shughuli rasmi. Adhabu yake ya juu ni faini au kifungo kisichozidi siku 30, au vyote viwili. Kwa neno hilo la kuhifadhi, ile bastola iliyolala kati ya viti ilikuwa imeshavunja kanuni tangu gari lilipoingia uwanjani. Alichofanya mdogo wako kwa nia ya kutii ndicho kilichokatazwa, na ninaelewa uchungu wenu, kwa kuwa kijana aliyepima na kuchagua njia aliyoiona kuwa ya adabu hastahili kuonekana mhalifu.

Shemeji yako anadhani jambo hili linaweza kushindaniwa, na ni kweli kwamba limeshindaniwa, tena huko huko Colorado. Mkazi mmoja wa mji mdogo wa Avon aitwaye Tab Bonidy alikuwa na kibali kama cha mdogo wako. Mahali alipokuwa akiishi, posta haikuwa ikipeleka barua hadi nyumbani, kwa hiyo ilimlazimu kwenda kuzichukua mwenyewe, na kila alipokwenda ilimbidi kuiacha bastola nyumbani kwa sababu hata kwenye gari isingeruhusiwa. Aliwashitaki watu wa posta. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho ya Denver alimpa nusu ya alichokiomba, akisema kwamba ndani ya jengo marufuku ni halali lakini kumzuia kuiacha garini katika uwanja wa maegesho kunavunja haki yake ya kikatiba. Mwaka 2015 mahakama ya rufani, kwa majaji 2 dhidi ya 1, ilitengua nusu hiyo na kusema kwamba uwanja unaolihudumia jengo lile pekee uhesabiwe pamoja na jengo lenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo huko ndiyo ya juu kuliko zote, hata ya rufani, ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Bonidy hakuwa mtu wa kutiliwa shaka, alikuwa raia, na alitangulia kuuliza kabla hajabeba. Kama yeye hakushinda kuhusu uwanja wa posta katika jimbo lilelile, mdogo wako asijitie moyo kwa wepesi.

Sitakuficha kwamba upepo umebadilika tangu hapo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi iliyotoka New York, ikapanua haki ya kubeba silaha nje ya nyumba na kuzitaka mahakama zipime kila katazo kwa historia ya nchi hiyo, ingawa ilirudia kutambua kuwapo kwa mahali nyeti ambapo silaha zinaweza kukatazwa. Mwaka 2024 jaji mmoja wa Florida alifuta shitaka la mfanyakazi wa posta aliyekutwa na bastola kazini, na mwaka 2025 jaji wa Texas aliamua kwa upande wa wanaopinga marufuku ya posta, lakini kwa ajili ya walalamikaji waliokuwa mbele yake na wanachama wao. Haya ni maamuzi ya mahakama za shirikisho za ngazi ya chini zilizoko katika majimbo mengine, nayo hayaifungi mahakama ya Colorado. Wakili anaweza kuyatumia kama hoja. Mimi ninachokiomba ni kwamba asiwe mdogo wako, mwenye maombi ya uraia mezani, atakayejitolea kuwa kesi ya kupimia kama sheria imebadilika. Wapo matajiri na vyama vya wamiliki wa silaha wenye mawakili wao, na hakuna hata mmoja wao atakayepandishwa ndege kurudishwa kwao akishindwa.

Kuhusu usaili, najua kishawishi kilichopo. Faini imelipwa, hakuna aliyefungwa, kwa nini kulitaja? Fomu ya kuomba uraia inauliza kama mwombaji amewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kuzuiliwa na askari, na ofisa wa usaili atarudia kumuuliza hata kwa mambo yaliyotokea baada ya fomu kupelekwa. Jibu lake lazima liwe la kweli, likiambatana na nakala za karatasi ya kosa na uamuzi wowote utakaotolewa. Kosa dogo lililoelezwa vizuri linaweza kusameheka. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa linalojitegemea, na linagusa moja kwa moja sharti la tabia njema ambalo ofisa hulipima hasa katika miaka 5 iliyotangulia maombi. Na siku hiyo ya usaili bastola ibaki nyumbani, imefungiwa, kwa kuwa ofisi ya uraia na uhamiaji ni jengo la shirikisho kama yale niliyokwisha kuyaeleza. Mtu ametoka kazini alfajiri, amechoka, gari ni lilelile la kazi, na barua inasema afike asubuhi. Ninakuomba umpigie simu usiku wa kuamkia siku hiyo umuulize iko wapi.

Baadhi ya rafiki zake watamwambia kwamba hata hifadhi za taifa za Marekani zinaruhusu bunduki. Ni kweli kwamba tangu Februari 2010 mtu anaruhusiwa kuwa na silaha ndani ya hifadhi za taifa iwapo sheria za jimbo zinamruhusu. Lakini kituo cha wageni na ofisi za walinzi wa hifadhi ni majengo ya shirikisho, kwa hiyo anayeshuka garini kwenda kuomba ramani anaingia tena katika katazo lilelile.

Wakili asichaguliwe kwa sifa za barazani. Awe mwanasheria mwenye leseni anayeshughulika na uhamiaji. Kama kijana hana uwezo, yapo mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi waliopewa idhini na Wizara ya Sheria ya Marekani kwa mambo ya uhamiaji, na hao wanaweza kumwelekeza kwa wakili wa jinai watakayeshauriana naye. Ajihadhari na wajaza fomu wanaojiita washauri. Mwaka 2010, katika kesi ya dereva wa lori aitwaye Padilla, ambaye naye alikuwa mkaazi wa kudumu, Mahakama Kuu ilisema kwamba wakili anayemtetea mgeni katika jinai ana wajibu wa kumweleza kama kukiri kosa kunaweza kumwondosha nchini. Mwambie mdogo wako amuulize wakili wake swali hilo waziwazi na aombe jibu kwa maandishi.

Lililobaki ni harusi. Hata kama tiketi imeshakatwa, asisafiri nje ya Marekani mpaka wakili amwambie kwamba anaweza kurudi bila tatizo, kwa kuwa uwanja wa ndege ndipo kumbukumbu za mtu mwenye kadi zinapofunguliwa upya. Binti yako atahuzunika, lakini mwelezeni mapema kuliko kumweka katika matumaini hadi wiki ya mwisho. Na ile bastola isije Tanga kwa hali yoyote. Silaha haiingizwi Tanzania bila kibali kilichotolewa kabla ya safari, kibali cha sherifu wa Colorado hakina uzito wowote mbele ya ofisa wa forodha au Polisi wetu, na mjomba hawezi kuachiwa silaha iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Kama shamba la Muheza linahitaji ulinzi, mjomba aombe leseni yake mwenyewe, akianzia kwenye serikali ya kijiji chake. Na kama shotgun ya marehemu baba bado iko nyumbani bila kuhamishiwa kwa mrithi, pelekeni taarifa Polisi wiki hii pamoja na kile kitabu cha leseni.